Nomu imekataa kuwa 1: kusaka kosa kwenye funksheni ya wimbi ya elektroni nyingi

Jumamosi moja alasiri mwanafunzi aliyekuja kwa matatu kutoka Maseno aliweka laptopu yake kwenye meza ya sebule yangu hapa Migosi, Kisumu, akasema, "Mwalimu, hebu ona. Heliamu yangu imeshuka kuliko ya vitabu vyote." Kwenye skrini palikuwa na −7.89 hartree (kipimo cha nishati ya atomi). Nishati halisi ya heliamu, kiini kikichukuliwa kuwa hakisogei, ni −2.9037. Kanuni ya variesheni haimruhusu mtu yeyote kushuka chini ya hapo kwa funksheni ya kubahatisha, hata awe na kompyuta ya namna gani.

Alikuwa tayari kufuta kila kitu na kuanza upya. Nikamwambia asiguse. Nilichukua −7.89 nikaigawa kwa −2.8477, nishati anayopaswa kuipata mtu anayeziweka elektroni zote mbili kwenye 1s, obitali (makao ya elektroni) ya chini kabisa, yenye kipeo 27/16. Ikatoka 2.77. Kipeuo cha pili cha hiyo ni 1.665 hivi, yaani kila elektroni imezidishwa kwa 1.665. Na 1.665 ni kipeo cha tatu cha 32/27. Hapo mchawi akajulikana: ndani ya e^(−Zr) alikuwa ameandika Z = 27/16, lakini kizidishi cha mbele, √(Z³/π), alikiacha na Z = 2, chaji ya kiini. Ukigawa 2 kwa 27/16 unapata 32/27. Alibadilisha namba mahali pamoja akasahau pa pili.

Nimekitaja kisa hicho mwanzoni kwa sababu karibu kila hitilafu ya kunomalisha hukaa vivyo hivyo. Kunomalisha ni kuipa funksheni ya wimbi ukubwa unaofanya uwezekano wote ukijumlishwa ufike 1. Max Born ndiye aliyeleta tafsiri hiyo ya uwezekano mwaka 1926. Jumla hiyo, ⟨Ψ|Ψ⟩, Ψ ikiwa ndiyo funksheni ya wimbi, naiita nomu. Isipotoka 1, namba iliyotoka mara nyingi inamtaja mkosaji, nao wanafunzi huwa na haraka ya kuizika.

Sokoni Kibuye mnunuzi mzoefu wa omena haanzi na bei. Anageuza gorogoro, lile kopo la kupimia, anatazama kitako kama kimepondwa kwa ndani. Nawe chapisha vitu vitatu kabla ya kugusa msimbo: nomu yenyewe, idadi ya elektroni unayoipata ukijumlisha msongamano wao, na nishati ikiwa imegawanywa kwa nomu. Hicho cha tatu ndicho chenye thamani kubwa. Kama ⟨Ψ|H|Ψ⟩ ÷ ⟨Ψ|Ψ⟩ (H ni opereta ya nishati) inaleta nishati ya maana, umbo la funksheni ni zima na kilichopotoka ni kizidishi cha mbele tu. Kama bado ni upuuzi, usihangaike na nomu. Ugonjwa uko kwingine.

Nomu imetoka 2, 6, 24 au namba ya kutisha

Hii ni faktoria (N! = 1 × 2 × … × N, N ikiwa idadi ya elektroni), na chanzo chake ni ditaminanti, yaani jumla ya mipangilio yote ya elektroni kwenye obitali, isiyogawanywa kwa √N!. Ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, basi tukae nayo kidogo.

Fikiria kiti cha nyuma cha Probox ya kwenda Busia. Kisheria wanakaa watatu. (Ukweli tunaujua, lakini tuendelee na sheria.) Watu watatu wanaweza kukaa kwa mipangilio 6. Ditaminanti ya lithiamu yenye elektroni tatu inafanya hivyo hasa: inaandika mipangilio yote 6 ya elektroni kwenye obitali-spini tatu (obitali pamoja na spini yake), kila mmoja na alama yake ya kuongeza au kutoa. Ukizidisha jumla hiyo kwa yenyewe na kuchukua intigrali, kila mpangilio ukikutana na nafsi yake unatoa 1. Ukikutana na mwingine unatoa 0, mradi obitali ziwe othogonali, yaani zisilaliane. Basi nomu ni 6, na kizidishi ni 1/√6, yaani 0.408. Wakibanana wanne, kama beriliamu, ni 24, na kizidishi kinakuwa 0.204. Molekyuli ya maji ina elektroni 10: faktoria yake ni 3,628,800 na kizidishi ni takriban 0.000525. Ukiona nomu inayofika mamilioni kwenye molekyuli ndogo, usishtuke. Hesabu elektroni kisha utafute faktoria yake.

Ditaminanti hizi tunaziita kwa jina la John Slater, aliyezitumia mwaka 1929, ingawa Heisenberg na Dirac walikuwa wameshaonyesha mwaka 1926 kwamba funksheni ya elektroni lazima ibadili alama elektroni mbili zinapobadilishana nafasi.

Kosa la upande wa pili lipo pia: nomu inatoka 1/2 au 1/6. Huyo ameandika zao la obitali bila mipangilio yoyote, φ₁ mara φ₂ mara φ₃, halafu akabandika 1/√6 kwa mazoea. Zao tupu la obitali zilizonomalishwa tayari lina nomu 1. Halihitaji kitu.

Halafu kuna heliamu, inayowachanganya hata wenye bidii. Elektroni zote mbili zikiwa 1s, sehemu ya nafasi ni φφ na sehemu ya spini ni (αβ − βα)/√2, α ikiwa spini ya juu na β ya chini. Kizidishi ni kimoja. Elektroni moja ikipanda 2s, kwenye singleti (spini zikiwa kinyume) sehemu ya nafasi inakuwa (φ₁φ₂ + φ₂φ₁)/√2 na ya spini inabaki vilevile, kwa hiyo vizidishi ni viwili na vikizidishana vinatoa 1/2. Anayenakili hesabu ya 1s2s na kuitumia kwa 1s² anabaki na 1/√2 ya ziada, nomu inashuka kuwa 0.5. Ukiiona 0.5 kwenye heliamu, tazama hapo kwanza.

Nomu si namba inayojulikana: 1.753, 3.07, 0.43

Hapa faktoria imeondolewa vizuri lakini obitali zinalaliana. Mfano wa shule ni molekyuli ya haidrojeni, viini vikiwa umbali wa 1.4 bohr (kipimo cha urefu cha atomi). Mlaliano wa 1s mbili za haidrojeni una fomula yake: S = e^(−R)(1 + R + R²/3). Weka R = 1.4 utapata 0.753. Siyo kidogo! Wengi huandika obitali ya molekyuli kuwa (a + b)/√2, ambapo a na b ni 1s za atomi mbili, kana kwamba hazijuani kabisa, ilhali robo tatu ya njia zimelaliana.

Matokeo yake: obitali hiyo ina nomu 1 + S, yaani 1.753. Funksheni ya elektroni mbili ina nomu ya 1.753 mara 1.753, ambayo ni 3.07. Nawe ukichora msongamano wa elektroni kwa 2|σ|² (σ ndiyo obitali hiyo) na kuujumlisha, utakuta haidrojeni yako ina elektroni 3.51. Namba tatu tofauti, kosa moja. Nimewahi kuona watu wawili wakibishana kwenye meza hii, mmoja ameshikilia 1.753 na mwingine 3.07, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekosea zaidi.

Tiba ni kizidishi sahihi: 1/√(2(1 + S)), ambacho hapa ni 0.534 badala ya 0.707. Lakini usikibebe kizidishi hicho kwenye funksheni ya Heitler na London ya mwaka 1927. Wao hawakujenga obitali ya molekyuli. Waliandika a(1)b(2) + b(1)a(2), na hapo mlaliano unaingia mara mbili kwa kila neno la kati, ukiwa S². Nomu ni 2(1 + S²), kizidishi ni 0.565. Kwenye tripleti (spini zikielekea upande mmoja) alama inageuka: 2(1 − S²). Ukiona 0.43, hiyo ni 1 − S² ya mlaliano uleule wa 0.753: umeandika ditaminanti ya elektroni mbili zenye spini moja, ukaigawa kwa √2, ukasahau kwamba a na b hazijawa othogonali.

Kanuni ya jumla ni rahisi kuliko mifano. Ukiwa na ditaminanti yoyote iliyokwisha kuzidishwa kwa 1/√N!, nomu yake ni ditaminanti ya S, matrisi (jedwali) ya milaliano ya obitali-spini zilizojazwa. Obitali zikiwa othogonali na zimenomalishwa, matrisi hiyo ni ya utambulisho (1 kwenye ulalo, 0 kwingine) na ditaminanti yake ni 1. Zisipokuwa hivyo, una njia mbili. Ama ugawe funksheni kwa kipeuo cha pili cha det S, ama uzifanye obitali ziwe othogonali kwanza, kwa mfano kwa kuzizidisha na S^(−1/2) kama Per-Olov Löwdin alivyofundisha. Mimi hupendelea njia ya pili, na sababu si uzuri wa hesabu. Kuchanganya obitali zilizojazwa zenyewe kwa zenyewe kunaizidisha ditaminanti kwa namba moja tu, fizikia haiguswi. Kwa hiyo unapata obitali safi bila kulipa chochote, na kila fomula utakayoikopa kitabuni kesho itafanya kazi, kwa kuwa fomula nyingi za vitabuni zinachukulia kwamba tayari ulishafanya hivyo.

Nomu ni 0, au kompyuta imeandika NaN

Kama ni 0 kamili, usiitafutie kizidishi. Safu mbili za ditaminanti zinafanana. Umeweka elektroni mbili kwenye obitali moja na spini moja, kama yule aliyetaka kuisukuma elektroni ya tatu ya lithiamu ndani ya 1s. Pauli alilifunga jambo hilo mwaka 1925, nayo NaN ("not a number", si namba) ni kompyuta ikikuambia umejaribu kugawa sifuri kwa sifuri. Rudi kwenye orodha ya obitali ulizozijaza.

Kama si 0 kamili ila ni kitu kama 10⁻⁹, ugonjwa ni tofauti. Obitali hazifanani ila zinakaribia, mara nyingi kwa sababu funksheni za msingi (zile zinazojengea obitali) ni nyingi na zimetandaa mno, hadi moja inaweza kuundwa kwa kuchanganya nyenzake. Chapisha eigenivalyu za S, namba zinazoonyesha kila mchanganyiko wa funksheni hizo una uzito gani. Ile ndogo kabisa ikiwa chini ya 10⁻⁶ hivi, S^(−1/2) itaikuza kelele ya desimali mpaka nishati ianze kurukaruka. Utupe mchanganyiko huo, endelea na iliyobaki.

Nomu ni 12.57

Hiyo ni 4π. Umejumlisha juu ya pembe bila kuziwekea harmoniki za tufe (funksheni za pembe) zilizonomalishwa, au umeichukua sehemu ya radiali tupu ukaizidisha na pembe zote. Ukikuta 0.0796, umegawa mara mbili. Usipoteze muda zaidi hapo.

Kabla hatujaondoka, kagua vipimo. Funksheni ya elektroni moja ina kipimo cha urefu kwa kipeo −3/2. Ya elektroni N ina urefu kwa kipeo −3N/2. Heliamu basi ni a₀⁻³ (a₀ ni bohr 1), na kizidishi chake cha 1s² ni Z³/π, bila kipeuo chochote. Ukiona √(Z³/π) mbele ya funksheni ya elektroni mbili, kuna obitali moja haikulipiwa nauli.

Nomu ni 10.74, au kitu chochote kisichoeleweka, lakini programu umeiandika mwenyewe

Sasa tunaingia kwa wale wanaoandika msimbo wao wa Hartree-Fock (mbinu ya kutafuta obitali bora za ditaminanti moja), na wapo wengi kuliko unavyodhani, hata Kakamega nina wawili. Wanachukua seti ya funksheni za msingi ya STO-3G, ambayo Hehre, Stewart na Pople waliichapisha mwaka 1969. Kwa haidrojeni vipeo ni 3.42525, 0.62391 na 0.16886, koefishenti ni 0.15433, 0.53533 na 0.44463. Wanaandika jumla ya funksheni tatu za Gauss wakitumia namba hizo kama zilivyo, kisha wanapima mlaliano wa obitali na nafsi yake. Inatoka 10.74.

Jedwali halijakosea. Koefishenti zile zinahesabiwa juu ya funksheni za Gauss ambazo kila moja imeshanomalishwa kivyake kwa (2α/π)^(3/4). Hiyo unatakiwa uiweke wewe. Kwa vipeo vile vitatu vizidishi ni 1.794, 0.500 na 0.188. Viweke, na mlaliano wa obitali na nafsi yake utarudi 1 kwa desimali nyingi. Kinachoumiza ni kwamba ile ya tatu, iliyotandaa kuliko zote, ndiyo iliyobeba kosa kubwa zaidi: bila kizidishi, yenyewe peke yake inachangia 5.6 kati ya 10.74.

Ukifika kwenye obitali za d kuna shimo jingine. Funksheni yenye x² na yenye xy, zikiwa na kipeo kimoja, hazina nomu moja. Ya kwanza ni mara 3 ya ya pili. Ukizipa kizidishi kimoja utakuta namba zako zimepotoka kwa √3, yaani 1.732. Programu mbalimbali zimechagua namna tofauti za kulishughulikia hilo, kwa hiyo ukihamisha obitali kutoka programu moja hadi nyingine na nomu ikaharibika kwenye atomi zenye d peke yake, usitafute mbali.

Nomu ni 1 lakini elektroni hazitimii

Hapa mara nyingi hakuna aliyekosea. Muuzaji mmoja anapima kwa gorogoro, mwingine kwa debe. Ubaya unaanza pale mnunuzi asipouliza.

Msongamano wa elektroni kwa kawaida unajumlishwa kufika N, si 1. Ukichukua intigrali ya |Ψ|² juu ya elektroni zote isipokuwa moja ukasahau kuzidisha kwa N, maji yako yatakuwa na elektroni 1. Msongamano wa jozi una desturi tatu: wapo wanaoujumlisha kuwa N(N − 1), wapo wa N(N − 1)/2, na wapo wanaouacha uwe 1. Kwa maji hiyo ni 90, 45 au 1. Zote ni halali, ila ukichukua matrisi ya mmoja na fomula ya nishati ya mwenzake, msukumano wa elektroni unaweza kuwa maradufu au nusu. Kabla ya kunakili fomula, jumlisha ulalo wa matrisi uone unatoa ngapi kati ya hizo.

Kuna na lile la kujumlisha ulalo wa P, matrisi ya msongamano, na kushangaa. Kwa haidrojeni yetu ya S = 0.753, jumla ya ulalo wa P ni 1.14 na elektroni ni 2. Hakuna iliyopotea. Funksheni za msingi zinalaliana, kwa hiyo unayopaswa kuijumlisha ni PS, nayo itatoa 2 bila ubishi.

Na ukipata 9.99998 kwa maji kutoka kwenye programu ya msongamano, huo ni wavu wa nukta za kujumlishia. Kaza wavu ukitaka. Usiuzidishe msongamano kwa 1.000002, tafadhali.

Nomu ni 1.06 na haina ugonjwa

Hili nimelitenda mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, na siku mbili zangu zikaenda nalo. Nilikuwa nafanyia kazi perturbesheni (kusahihisha funksheni hatua kwa hatua), nikapima ⟨Ψ|Ψ⟩, nikakuta imezidi 1. Nikainomalisha. Nilijiona fundi.

Kwenye perturbesheni na kwenye mbinu ya klasta inayoandikwa CC (coupled cluster), watu hawadai ⟨Ψ|Ψ⟩ iwe 1. Wanadai mlaliano wa Ψ na ditaminanti ya kuanzia, ⟨Φ₀|Ψ⟩, ndio uwe 1. Huitwa unomalishaji wa kati. Chochote kinachoongezwa juu ya Φ₀ kinaiongeza nomu, kwa hiyo lazima ipite 1. Kama ungeinomalisha kikamilifu, koefishenti ya Φ₀ ingekuwa c₀ = 1/√nomu. Nomu ikiwa 1.063, c₀ ni 0.97.

Kosa langu lilikuwa kuinomalisha kisha kuendelea kutumia fomula E = ⟨Φ₀|H|Ψ⟩, ambayo ni sahihi pale tu mlaliano ule ni 1. Nishati yote ikazidishwa kwa c₀. Mtu anaweza kusema 3% ni kitu gani. Nishati ya maji iko karibu na −76 hartree; 3% yake inapita hartree 2, wakati nilichokuwa nakitafuta ni sehemu ndogo ya hartree 1. Tena inapanda badala ya kushuka, basi hata kanuni ya variesheni haikupigi kelele kama ilivyompigia yule wa heliamu.

Kwenye CI (configuration interaction, mbinu ya kuchanganya ditaminanti nyingi) mambo ni kinyume: huko programu kwa kawaida hukupa koefishenti ambazo vipeo vyake vya pili vikijumlishwa vinafika 1. Ukitaka kulinganisha ukubwa wa koefishenti za CI na za klasta, gawa zile za CI zote kwa c₀ kwanza. Masahihisho ya Davidson, yanayoongezwa kwenye nishati ya CI, yana sura mbili kwa sababu hiyohiyo: sura moja inazidisha nishati ya korelesheni (ile iliyopatikana zaidi ya ditaminanti moja) kwa 1 − c₀², nyingine inaigawa hiyo tena kwa c₀². Kwa c₀ = 0.97 ni 0.059 dhidi ya 0.063. Andika ni ipi uliyotumia.

Kila kitu ni 1 lakini picha imegeuka rangi

Jana obitali ilikuwa nyekundu kushoto na buluu kulia, leo ni kinyume, na nomu ni 1 siku zote mbili. Kunomalisha hakuamui alama. Ψ na −Ψ zina msongamano uleule na nishati ileile, na kompyuta inachagua mojawapo kulingana na jinsi ilivyoipasua matrisi siku hiyo. Alama itakusumbua tu ukiwa unalinganisha obitali za jiometria mbili zinazokaribiana, au unahesabu intigrali kati ya hali mbili tofauti. Hapo chukua mlaliano wa ya zamani na mpya, ukitoka hasi zidisha mpya kwa −1.

Dada aliyeniletea picha hizo alikuwa ameshaziendesha hesabu zake upya mara nne, usiku, stima ikipotea na kurudi.